Neno Lenye Kazi Moja

Ndugu zetu, majirani, mafundi wenzake mliokuja moja kwa moja kutoka zamu na mavazi yenu ya kazi, na wageni wote, mimi ninayesimama hapa ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa mama yetu, yule ambaye wengi wenu mmezoea kumwona jukwaani akianguka makusudi ili mcheke, na familia ilipokaa kuchagua msomaji wa wasifu ilinitazama mimi, ikatazama pembeni, ikanitazama tena, ila marehemu alikuwa amekwisha kuagiza akiwa kitandani, akasema, "Asome huyo huyo mropokaji, lakini mwambieni asichekeshe sana, watu watakuwa wamekuja kulia, asiwapunje," kwa hiyo nitajitahidi, kaka, nisiwapunje.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Agosti 1964, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, nyumba ya vyumba vitatu na bati lililovuja pale pale kila mwaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na alichelewa wiki mbili nzima kuliko mkunga alivyohesabu, jambo ambalo mama alisema ndiyo tabia yake ilivyoanza, kwamba hata duniani hakukubali kuingia mpaka alipojiridhisha kwamba kuko salama. Mama alimpa jina la kumbembelezea, Tindirimo, neno ambalo halimo katika kamusi, halina maana, na halikuwa na kazi nyingine yoyote isipokuwa kumwita yeye aje ale, na kwa kuwa mama alifariki tarehe 2 Mei 2009, hakuna mtu aliyeliita tena tangu siku hiyo, isipokuwa mimi nikitaka kugombana, na nawaomba mlishike neno hilo vichwani mwenu, msilitamke, lishikeni tu, tutalihitaji mwishoni.

Alianza shule ya msingi Januari 1972 na kumaliza Novemba 1978, na katika miaka hiyo lipo tukio moja ambalo lazima liingie kwenye historia hii, kwa sababu yote yaliyofuata yamo ndani yake. Mwaka 1975 baba yetu, ambaye alikuwa dereva wa lori, alirudi safari ya siku nne, akavua viatu, akajinyoosha kwenye kiti, akamwambia kaka, "Hebu nifungulie redio nisikie taarifa ya habari," na kaka, mtoto mtiifu asiye na neno, akaenda kuleta bisibisi, akaifungua redio, parafujo zote nane, akazipanga mezani mbele ya baba nyaya na spika na betri kama samaki waliotolewa matumbo, baba akauliza, "Hiki nini?" kaka akajibu, "Si umesema nifungue, baba?" na siku ile taarifa ya habari tuliisikilizia kwa jirani, sisi tumekaa mkekani, yeye amesimama, kwa sababu pa kukalia palikuwa pameshatiwa kiboko. Tuliicheka redio ile miaka mingi, nami nimeipeleka jukwaani mara zisizo na idadi, bila kujua kwamba mtoto yule alikuwa ametuonyesha mapema jambo ambalo lingekuja kuua watu, kwamba neno moja likiingia katika vichwa viwili huwa mambo mawili.

Alisoma sekondari kuanzia 1979 hadi 1982, kisha akajiunga na chuo cha ufundi Machi 1983, akahitimu fundi umeme Novemba 1985, na likizo ya kwanza alirudi nyumbani akiwa amevurugika, kwa sababu huko alikuwa amefundishwa kinyume cha alivyolelewa. Nyumbani ukiambiwa funga bomba, maji yanakoma, funga redio, sauti inakoma, funga mdomo, hata mimi nakoma, lakini katika umeme kufunga ni kukutanisha njia, swichi ikifungwa umeme unapita, ikifunguliwa umeme unakoma, yaani fundi aliyetoka darasani na mtu aliyetoka mtaani wanaweza kutamka neno lile lile, kwa adabu ile ile, mmoja akiwa na maana ya usalama na mwingine ya kifo, na kaka alipomweleza baba, baba alimtazama muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo kumbe ile redio ulikuwa unanifundisha?"

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi katika kituo cha kupoza umeme, kazi ambayo hakuihama mpaka mwisho, na mama akawatangazia majirani kwamba mwanawe anapoza umeme, mmoja wao akauliza kama wanautia barafu, mama akajibu kwa uhakika wote, "Sasa wewe ulidhani wanaupuliza?" Ukweli ni kwamba pale umeme unafika kwenye minara ukiwa na nguvu ya kubomoa, unapita ndani ya mitambo mikubwa kama vyumba, unatoka ukiwa umeshushwa nguvu, lakini hata huo ulioshushwa, kabla haujafika kwetu, bado ni volti elfu kumi na moja, na hauhitaji kuguswa, ukiusogelea zaidi ya kiasi unaruka wenyewe kuja kukupokea. Alikuwa akiwaambia wageni wa kituo, "Simba hunguruma, nyoka hufoka, hata mbwa wa jirani hubweka kwanza, huyu mwenzenu amekaa kimya kama mkwe mstaarabu, msimzoee," kisha anawavua pete na saa, anawapima kwa macho urefu wa mikono, na wafupi anawapongeza.

Mwaka 1989, mwezi Septemba, mshonaji mmoja mwenye cherehani ya umeme aliingia katika ofisi ya kituo na gauni la bibi harusi begani, nusu limeshonwa nusu limening'inia, akagonga kaunta, akauliza ni mwanamume gani humo ndani anayekata umeme bila haya wakati mtu anaolewa Jumamosi, wafanyakazi wote wakakumbuka kwa pamoja kwamba wana kazi nyuma, akabaki kaka peke yake, mshonaji akamtolea macho, "Ni wewe unayekata?" na kaka, ambaye hajawahi kusema neno zuri kwa mwanamke kabla ya siku hiyo wala, kwa ushahidi wa shemeji yangu, baada ya hapo, akajibu, "Ndimi ninayekata, na ndimi ninayerudisha." Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1990, na nasema walifunga ndoa kwa sababu neno hilo wakati ule lilikuwa bado halijapigwa marufuku.

Lilipigwa marufuku mwaka uliofuata. Siku ya Jumanne, tarehe 19 Novemba 1991, saa nne asubuhi, rafiki yake wa kazini aliyeitwa Mrefu, fundi wa nguzo aliyejifunza kazi kwa kuifanya, mtu wa kucheka mpaka ngazi itikisike, alikuwa juu ya fremu ya chuma anataka kubadilisha kikombe cha kaure kinachoshikilia waya usiguse chuma, kilichokuwa kimepasuka, akapaza sauti kuelekea chumba cha mitambo, "Funga!" kwa maana ya nyumbani, kata umeme nifanye kazi, na kijana wa zamu, mwenye cheti chenye umri wa miezi miwili, akaisikia kwa maana ya chuoni, akaifunga swichi ambayo ilikuwa tayari imekatwa, na Mrefu hakupata muda hata wa kushangaa. Kaka ndiye aliyempandia, baada ya kuhakikisha umeme umekatwa, akamshusha begani, na alituambia mara moja tu, hakurudia, kwamba kilichomtisha ni jinsi Mrefu alivyokuwa mwepesi, mtu mkubwa vile.

Wiki ile ile alinunua rangi nyekundu, akaandika ukutani katika chumba cha mitambo kwa herufi za urefu wa mkono, HAPA HAKUNA KUFUNGA WALA KUFUNGUA, KUNA KUKATA NA KURUDISHA, maneno mawili aliyoyachukua, kama mlivyosikia, katika posa yake mwenyewe, akaongeza kanuni nyingine kwamba neno lazima lisemwe mara mbili na mtu yule yule kabla opereta hajagusa swichi, na kwamba kila fundi anayeingia kwenye mtambo atie kufuli lake mwenyewe kwenye swichi na ufunguo ukae mfukoni mwake, asilivue mwingine hata awe mkurugenzi. Wakubwa walimcheka, kisha wakamwiga, na kwa miaka thelathini na miwili iliyofuata pale kituoni hakufa mtu, na huko kazini jina lake halisi likapotea, akawa Kata, Mzee Kata, jina alilolipenda kuliko cheo cha msimamizi wa zamu alichopewa mwaka 2003.

Marehemu alijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 11 Aprili 1993, ambaye ni mwalimu, na wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1997, ambaye ni fundi umeme kama baba yake, na watoto hawa walikulia katika nyumba ambayo kitenzi kimoja cha Kiswahili kilikuwa haramu. Katika nyumba ile kufuli lilitiwa, mdomo ulinyamazishwa, mpira wavuni uliingizwa, na mlango, sikilizeni vizuri hapa, mlango ulirudishwa, rudisha mlango, baba amesema, rudisha mlango mbu wanaingia, nami nikiwa mgeni pale nilikuwa nasema lile jingine makusudi ili nimwone anavyoruka kwenye kiti, "We mropokaji, utaua mtu!" na watoto wanaanguka kwa kicheko. Alikuwa akisema mdomo hauna chumba cha nyumbani na chumba cha kazini, unachokizoea mezani ndicho kitakachokutoka mtamboni, na hakuna kati yetu, hata yeye, aliyeona kwamba maneno hayo yalikuwa yanakata pande zote mbili.

Opereta wa zamu yake tangu tarehe 1 Oktoba 2001 alikuwa mtu ambaye kituo kizima kinamwita Masikio, kwa sababu kazi yake ni kukaa mbele ya swichi na redio ya mkononi na kusikiliza, na kwa miaka ishirini na miwili watu hawa wawili walifanya kazi kama mdomo na sikio la mtu mmoja, kaka akiwa ndani ya mtambo, Masikio akiwa chumbani, uhai wa mmoja ukiwa katika kidole cha mwingine. Walikuwa wakikaa chakula cha mchana ubao mmoja nje ya stoo, wakitaniana, kaka akisema, "Masikio, wewe siku ukifa tutakuzika na antena," na Masikio akijibu bila kuinua kichwa, "Na wewe tutakutia kufuli, usije ukatoka kukagua kaburi." Nawataja hivi kwa urefu kwa sababu tangu tarehe 10 mwezi huu yamesemwa mengi juu ya Masikio, mitaani, kwenye simu, na, nasema kwa aibu, ndani ya nyumba hii ya msiba, kwamba alikuwa amesinzia, kwamba alikuwa amelewa, kwamba alirudisha umeme bila kuambiwa, kwamba asithubutu kukanyaga hapa, na mwanangu, mwalimu, wewe ulisema ukimwona utamvunja mkono ule ule uliogusa swichi, nilikusikia, na sikukulaumu, kwa sababu ulikuwa hujasoma ninachokisoma sasa.

Siku ya Jumanne, tarehe 10 Oktoba 2023, mafundi walikuwa wakisafisha kabati la swichi katika chumba kidogo cha mtambo upande wa nyuma, na kazi ilikwenda kwa utaratibu wote, umeme ulikatwa, kufuli likatiwa, nyaya za kupimia zikasema pamekufa, yaani hapana umeme, waya wa kupeleka umeme ardhini ukaunganishwa, na saa tisa na nusu alasiri kazi ikaisha, waya ukaondolewa, watu wakahesabiwa, na kaka akalivua kufuli lake, akabaki yeye na fundi mwenzake mmoja ili kutazama mara ya mwisho. Hapo mvua kubwa ikaanza, mvua ya kupiga bati mpaka mtu hajisikii, na kaka akaona kitambaa cha kufutia kimesahauliwa ndani ya kabati, juu ya vyuma vya shaba, kitambaa kidogo tu, cha bluu, akafanya jambo ambalo kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akifukuzia watu kazini, akaingiza mkono bila kulitia tena kufuli lake, kwa kuwa umeme ulikuwa bado umekatwa, na Masikio hawezi kugusa kitu bila kusikia neno, na neno liko mdomoni mwake mwenyewe.

Alipoinama, redio iliyokuwa ikining'inia kifuani ilibanwa na ukingo wa kabati, kitufe cha kusemea kikabonyea, na wakati huo huo upepo ukausukuma mlango wa chumba, mvua ikaanza kuingia kwenye mitambo, na kaka, bila kugeuka, akampigia kelele fundi aliyekuwa nyuma yake, kama alivyopiga kelele nyumbani kwake kila jioni tangu 1991, "Rudisha mlango!" fundi akausukuma, upepo ukamnyang'anya, kaka akarudia, "We, rudisha!" Chumbani kwake Masikio alikuwa amekaa anangoja neno moja, likaja, kwa sauti anayoijua, kutoka kwa mtu anayestahili, saa ile ile lilipotarajiwa, mvua ikiwa imekula neno mlango na kubakiza rudisha, likaja mara ya pili kama kanuni inavyotaka, na akafanya kazi yake.

Mwanga ule ulionekana kutoka barabarani, waliouona wanasema ulikuwa mweupe kupita mchana, na fundi aliyekuwa mlangoni alirushwa nje na mlango wenyewe, jambo lililomwokoa, na yupo hapa leo na bandeji masikioni. Kaka aliungua mikono yote, kifua, shingo na uso, karibu nusu ya mwili, na mtu wa kwanza kufika alikuwa Masikio, ambaye hata katika hali ile alikata kwanza, akatia kufuli lake mwenyewe, ndipo akakimbia kwenye mvua, akamtoa, na katika gari la wagonjwa kaka aliuliza swali moja tu, "Mlango umerudi?" na Masikio hakuelewa mpaka walipofika hospitali, na alipoelewa aliketi chini kwenye korido, hakuinuka mpaka walinzi walipomwinua, na tangu siku hiyo hajala pamoja na mtu.

Marehemu alilazwa katika wodi ya majeraha ya moto siku kumi na tisa, kitanda namba saba, amezungushiwa bandeji nyeupe kuanzia kiunoni hadi utosini, yamebaki macho na mdomo, na siku niliyoingia mara ya kwanza nilikaa pale bila neno, mimi, mtu ninayelipwa kwa maneno, mpaka yeye mwenyewe akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sema kitu, au ukumbi haujajaa?" Siku ya saba aliniambia nichukue daftari, nikadhani ni wosia wa nyumba, kumbe ni neno, akasema, "Rudisha limekufa na mimi, limekuwa na kazi mbili, lile la kwanza nililifukuza kwa sababu lilikuwa na kazi mbili, halafu nikaoa jingine lenye tabia ile ile, tafuta neno lenye kazi moja," nasi tukaanza, ndugu zangu, siku nne mfululizo, mtu ameungua nusu ya mwili anakagua msamiati. Nikasema washa, akasema hata upupu unawasha, nikasema leta, akasema na chai je, nikasema achia, akasema utamwachia nani, ngazi, kamba au umeme, nikasema fufua, akasema hilo tumwachie Mungu, nikatupa daftari, nikamwambia, "Kaka, Kiswahili chote kina kazi mbili mbili, hakuna neno lililokaa bure likikungoja wewe, Tindirimo!"

Lilinitoka kwa hasira, kama zamani tukigombania kitanda. Alifumba macho, nikaogopa, nikamwita muuguzi, kisha nikaona mdomo unatabasamu ndani ya bandeji, akasema, "Hilo hapo," nikasema lipi, akasema, "Hilo la mama, halina mlango, halina chai, halina redio, na nikishakwenda mimi halitakuwa na mtu wa kumwita, litakuwa na kazi moja tu, andika."

Nikaandika, na haya ndiyo aliyonitamkia siku ya kumi na moja, tarehe 21 Oktoba, mbele ya shemeji yangu na muuguzi wa zamu, nami nayasoma kama yalivyo, "Mimi niliye kitandani hapa nasema kwamba Masikio aliambiwa, aliambiwa mara mbili, na aliyemwambia ni mimi, kosa la mkono ni langu, niliuingiza bila kufuli, na kosa la neno ni langu, nililichagua mimi, nikalilea nyumbani mpaka likanizoea, asiandike mtu kwamba ni mapenzi ya Mungu, Mungu hakuacha kitambaa kabatini, wala asiandike ajali ya kazini akaishia hapo, aandike jinsi ilivyokuwa, ili atakayesoma aepuke, na siku ya kunibeba, Masikio ashike mbele kulia, mwanangu ashike mbele kushoto, washikane mabega, wasipofanya hivyo nitakuwa mzito."

Baada ya siku hiyo hali yake ilibadilika, figo zikachoka, damu ikaingiwa na sumu ya majeraha, madaktari wakapigana mpaka mwisho, na siku ya Jumapili, tarehe 29 Oktoba 2023, saa tano asubuhi, mkewe akiwa amemshika mguu, kwa sababu miguu ndiyo iliyokuwa haijaungua, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, miezi kumi kabla ya siku ya kustaafu, siku ambayo alikuwa ameahidi kuamka mchana, kuzima simu, na kusema neno lile la haramu mara mia, kwa sauti, bila mtu kufa. Ameacha mjane mmoja, watoto wawili, mjukuu mmoja, ndugu watatu, na ukuta mmoja katika chumba cha mitambo, ambao jana mchana binti yake aliupaka rangi upya, akafuta KURUDISHA, akaandika neno la bibi yake, herufi za urefu wa mkono, na mafundi wa zamu wote wakalisoma mara mbili kama kanuni inavyotaka.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya majeraha ya moto, hasa mliokuwa mkibadilisha bandeji kila siku na yeye akiwauliza kama mmenawa, kwa majirani waliopika, waliochota maji, waliowalaza watoto wa watu katika nyumba zao, kwa mteja wa shemeji yangu aliyekuja kuchukua nguo akakuta msiba akakaa kushona vifungo yeye mwenyewe, kwa uongozi wa kituo, na kwa wafanyakazi wenzake wote, mliomchangia damu mpaka muuguzi akauliza kama kituoni kuna mtu aliyebaki na yake.

Na wewe Masikio, nimeandika haya jana nisijue utasimama wapi leo, ila nakujua, utakuwa umesimama nyuma kabisa karibu na pa kutokea, hujaketi, hujala, unasikiliza kama ulivyozoea, basi sikiliza, hili nalisema mara mbili na mtu ni yule yule, njoo mbele kulia, njoo mbele kulia, na mwanangu mwalimu, umesikia sauti ya baba yako humu, nafasi yako ni kushoto, mtangulie, nenda ukamchukue pale alipo, sisi tutangoja.

Ndugu waombolezaji, ombi la mwisho ni gumu, hasa kwetu sisi tuliolala naye chumba kimoja, tukifika kaburini tutamlilia kwa kaka, kwa baba, kwa Kata, kwa jina lake la cheti, lakini lile la mama tusilitamke, hata uchungu ukituzidi, kwa sababu kuanzia zamu ya leo lina kazi, kuna watu wameingiza mikono yao ndani ya mitambo na wanalitegemea lisitoke mdomoni mwa mtu yeyote ila kwa shughuli hiyo moja, nami nilikuwa mtu wa mwisho kumwita nalo, nilimwita nikiwa na hasira, na aliitika.

Kaka, umeme umekatwa, tumepima mara mbili, kufuli ni lako na ufunguo uko mfukoni mwako, hakuna atakayekuvulia. Pumzika kwa amani.